Andika majiko, usiandike nyumba: kisa cha mama wa dagaa na maji ya 2020

Huyu mama ntamuita Mama Dagaa, jina lake silitaji na mwalo wake (pwani ya ziwa mitumbwi inaposhusha samaki) pia siutaji, we jua tu ni Mwanza, upande wa Ilemela ukishapita uwanja wa ndege kuelekea Igombe, kule ambako nyumba zimeshuka mpaka kwenye mchanga na ukitoka mlangoni hatua chache tu unagonga mtumbwi. Kisa chake nakijua mwanzo mpaka mwisho sababu nilikuwa kwenye kamati ya majirani iliyokuwa inachangisha kwa ajili ya waliohamishwa na maji mwaka ule wa 2020 na daftari la majina nililishika mimi. Kwa hiyo makosa ntakayoyataja humu mengine ni ya kwangu kabisa, mwandiko ni wangu, siwezi kumsukumia mtu.

Tuanze na maji kwanza maana watu wengi hadi leo wanasema "mafuriko" wakati haikuwa hivyo. Mvua za vuli 2019 zilinyesha zikagoma kukata, zikaungana na masika ya 2020. Na ziwa letu hili la Victoria sehemu kubwa ya maji yake inatokana na mvua inayolinyeshea lenyewe, mito inachangia kidogo, halafu pa kutokea ni sehemu moja tu, kule Jinja Uganda Nile inapoanzia. Yaani una beseni la kilometa za mraba kama 68,800 na tundu moja. Mei 2020 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, kimepita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja. Pale mwaloni kipimo kilikuwa jiwe. Kuna mzee alitupeleka akatuonyesha jiwe kubwa liko juu kabisa ya nyumba za mwisho, anasema baba yake alimwambia maji ya miaka ya sitini yalifika hapa, sasa hawa wote mnaowaona chini ya jiwe wamejenga ndani ya ziwa ila ziwa lilikuwa limesafiri.

Nilicheka ila ndo ukweli wenyewe. Mwaka 2006 ziwa lilishuka vibaya sana, wanaokumbuka wanajua maji yalivyokimbia yakaacha mchanga mtupu, na mvuvi anafuata maji, hawezi kubeba dagaa mbichi kilometa nzima kwenda kuanika. Watu wakashuka wakajenga vibanda, vibanda vikawa vyumba vya matofali, wakaja wapangaji. Aliyehamia 2012 hakuambiwa na mtu kwamba anapangisha chumba kwenye kitanda cha ziwa.

Mama Dagaa alikuwa mmoja wao. Katokea Ukerewe, mume alishafariki, watoto wanne, kapanga chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba sita. Kazi yake kununua dagaa wabichi alfajiri mitumbwi ikirudi, anaanika kwenye mchanga na chanja zake mbili (vichanja vya kuanikia), wakikauka anauza kwa wanaopeleka soko la Mwaloni Kirumba.

Sasa maji ya ziwa hayaji kama ya Mto Mirongo kule Mabatini, ule ukifurika unakukimbiza usiku huohuo na kesho yake waandishi wako mlangoni. Ziwa linakuja kwa heshima. Unaamka sakafu ina unyevu, unadhani mtoto kamwaga maji. Wiki ijayo kapeti la plastiki linaelea pembeni. Unaweka tofali chini ya kila mguu wa kitanda. Choo ndo kinaanza kukataa kabla ya nyumba, shimo linajaa kwa chini, na hapo watoto wanaanza kujisaidia popote na maji ni yaleyale ya kuchota. Mama Dagaa alifika matofali matatu kila mguu, mi nilikiona kile kitanda, kimepanda mpaka mtoto mdogo anakwea kwa kigoda, chini vyungu viko juu ya meza na maji yamefika kwenye enka. Alikuwa anapikia dirishani.

Hii habari ya matofali naikazia kwa sababu ndo ilitukwamisha mwanzo. Msaada wa maafa unasubiri siku. Ripoti inataka tarehe ya tukio. Ukienda ofisini unaulizwa "limetokea lini" na hapo huna jibu, limetokea tofali la kwanza au la tatu? Tofali la kwanza lilikuwa Februari, wenzake wengine walianza Januari, wa juu kidogo wakaanza Aprili. Mwisho tuliandika tarehe ambayo ukuta wa nyumba ya jirani ulianguka, hakuna aliyeumia namshukuru Mungu, lakini angalau ukawa na tarehe.

Mei katikati Mama Dagaa na wenzake walihamia shule ya msingi iliyoko juu. Hapa bahati iliingia kwa mlango wa ajabu, shule zilikuwa zimefungwa tangu 17 Machi kwa ajili ya korona, madarasa yako wazi, mwalimu mkuu akakubali kwa mdomo, hakuandika barua wala nini. Watu wakaingia na magodoro yao. Baadae nilikuja kujua kwamba kuna viwango vya kimataifa vya mambo haya, vinaitwa Sphere, vinasema mtu mmoja apate angalau mita za mraba 3.5 za kulala na lita 15 za maji kwa siku. Darasa la mita 7 kwa 9 ukipiga hesabu hiyo linabeba watu 18. La kwetu lilikuwa na familia saba, watoto wamepangwa kama dagaa wenyewe, na maji yalikuwa ndoo mbili kwa kaya kwa siku toka bomba moja la shule. Sikuwa najua viwango na hata ningejua sijui ningefanya nini, ila ningejua walau pa kulalamikia.

Sasa daftari.

Kamati ilikaa tukagawana kazi, mi na kijana mmoja wa balozi tukapita nyumba kwa nyumba tunaandika walioathirika. Nyumba ya kwanza, jina la mwenye nyumba, idadi ya watu. Nyumba ya pili hivyohivyo. Tulijiona tunafanya kazi safi kabisa, mistari imenyooka. Orodha ikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ikaenda kwa mtendaji wa kata, ikarudi na muhuri, na shirika moja likaja nalo likachukua orodha hiyohiyo kwa sababu ina muhuri. Siku ya kugawa wakaitwa majina: sembe kilo 25, mafuta, blanketi mbili, sabuni. Nyumba ya vyumba sita likaitwa jina moja. Akasimama mwenye nyumba, baba mmoja wa heshima tu, anaishi Buzuruga, nyumba yake ya Buzuruga kavu kabisa, kapanda daladala kuja kuchukua blanketi.

Wapangaji sita wamekaa wanamwangalia. Mama Dagaa hakupiga kelele, alinifuata pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sisi tuliokuwa tunalala mle ndani mmetuandika daftari gani?"

Sikuwa na jibu. Na yule mzee wa Buzuruga si mwizi, jina lake lipo, nyumba yake kweli imeliwa na maji, kapoteza mali kuliko sisi wote. Lakini msaada ule ulikuwa wa aliyekosa pa kulala, sio wa aliyekosa ukuta. Hivyo ni vitu viwili na sisi tulivichanganya kwenye safu moja ya daftari. Mwaloni wengi ni wapangaji, na wengine hata wapangaji sio, kuna vijana wa mitumbwi wanalala kambini kwa tajiri wao, kuna wanaokuja msimu wa giza, dagaa wanapovuliwa kwa taa, na kuondoka mbalamwezi, hao hakuna nyumba unayoweza kuwaandika.

Jibu alitupa mama mwingine wa kikundi chao cha kuzikana. Akasema nyie mnaandika nyumba, sisi msibani tunachanga kwa majiko. Mwenye jiko lake anahesabika, hata kama amepanga, hata kama ni mke wa pili, hata kama ni mabachela watatu wanaopika pamoja, hilo ni jiko moja. Tukarudia. Safari hii tulipita madarasani jioni saa ya kupika, tukahesabu mioto, tukamuuliza kila mwenye moto anapikia watu wangapi. Ile nyumba ya vyumba sita ikatoa majiko saba. Kazi nzima ilichukua jioni mbili, wakati orodha ya kwanza tulihangaika nayo wiki. Kama kuna kitu kimoja mtu akibebe toka kwenye uchambuzi huu basi ni hicho, nenda saa ya ugali.

Mgao wa pili Mama Dagaa akapata. Na wiki hiyohiyo zikaja tuhuma: anauza msaada. Kweli, aliuza sembe karibu yote, kwa bei ya kutupa, kwa mama ntilie wa barabarani. Kwenye kamati watu waliwaka, mmoja akataka afutwe. Nikaenda kumuuliza nikitegemea atakana, hakukana. Akanieleza hesabu yake ambayo nadhani ingefaa isomwe na kila anayepakia gunia kwenye lori.

Dagaa alikuwa anachukua kwa mali kauli toka kwa tajiri wa mtumbwi, analipa akishauza. Maji yalipopanda yalikula mchanga wa kuanikia, ikabaki chanja, halafu usiku mmoja mawimbi yakabeba chanja na mzigo juu yake. Deni likabaki. Akahamia shuleni, tajiri hakumuona mwaloni siku nne, akatangaza kwamba mama katoroka. Sasa kwa mwanamke wa dagaa jina ndo mtaji wenyewe, hana dhamana ya benki, hana hati, ana neno tu. Siku tajiri akisema huyu katoroka hakuna mtumbwi mwingine utakaompa hata beseni. Kwa hiyo aliuza sembe akapeleka sehemu ya deni, akamwambia nipo shuleni darasa la nne B, sijatoroka. Na wakala nini? Udaga wa muhogo, dada yake kamtumia gunia na mtumbwi kutoka Ukerewe, na ndo chakula walichozoea toka utotoni. Sembe ilikuwa inasaidia kuliko njaa, lakini njaa haikuwa shida yake ya kwanza, na hakuna aliyemuuliza shida yake ya kwanza ni ipi.

Mi naona kuuza msaada sio ufisadi, ni barua. Mtu anakwambia ulichonipa sicho. Tatizo wengi tunaisoma hiyo barua kama kosa la jinai.

Mtu atasema basi wapeni hela. Sawa, na ilijaribiwa, lile shirika mwezi wa sita likasema litatuma hela kwenye simu. Wazo zuri. Lakini kumbuka Januari ile ya 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na usajili ulitaka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na huyu mama NIDA yake alikuwa hajapata, laini yake ikafa. Alikuwa anatumia laini ya kijana wake aliyeko Geita. Majina hayalingani, mfumo unagoma. Majiko kumi na kitu kwenye orodha yetu yalikwama hivyohivyo. Mwishowe shirika lilikubali hela ipokelewe na jirani aliyeaminika, kwa kusainiana mbele ya mtendaji, na jirani hakula hata senti, ila ilichukua wiki mbili za simu za "subiri tunashughulikia".

Na hapo ndo tukagonga ukuta mkubwa kuliko wote, kodi. Hela iliyotumwa ilikuwa imepigwa kwa hesabu ya chakula cha mwezi. Chumba kule juu mlimani kilikuwa elfu 25 kwa mwezi, ukisikia hivyo unasema mbona inatosha na chenji inabaki. Lakini nani Mwanza anapangisha mwezi mmoja? Wenye nyumba wanataka miezi sita kwa mkupuo, mwenye huruma miezi mitatu. Kwa hiyo mama ana hela mkononi na chumba hapati, hela inaanza kuliwa kidogo kidogo na sabuni na dawa na nauli, hadi inaisha na bado yuko darasa la nne B. Na tarehe inakuja, kwa sababu serikali ilishatangaza shule zote zinafunguliwa 29 Juni, wanafunzi wanataka madawati yao na wana haki. Mwalimu mkuu wa watu alikuwa anakuja kila asubuhi anasalimia tu, haulizi, lakini unaona macho yanahesabu magodoro.

Hapa kamati ndo ilifanya kitu pekee ninachojivunia. Tukaacha kununua vyakula kabisa. Hela yote iliyobaki, ya kanisani, ya msikitini na ya kikundi, tukaenda kuongea na wenye vyumba uso kwa uso. Tukawaambia tunalipa miezi mitatu leo mkononi, mitatu mingine tunadhamini sisi, mpangaji akishindwa mje kwetu. Wengine walikataa, hasa wakisikia watoto wanne. Mama mmoja mjane mwenye vyumba viwili huko juu kwenye mawe alimkubali Mama Dagaa kwa sharti la kufagia uwanja. Alihama 26 Juni, siku tatu kabla ya kengele. Kitanda kilibebwa na vijana wa mtumbwi, matofali kumi na mbili aliyabeba pia, nikamuuliza ya nini huku mlimani, akasema hayo nimenunua.

Wote hawakupata. Majiko tisa yalikuwa bado shuleni usiku wa tarehe 28, yakatawanyika kwa ndugu na kwenye vibanda vya samaki, na wengine kati yao sijui waliishia wapi hadi leo.

Kuna jambo la mita 60 nalo sitaki kuliruka ingawa linakera watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa. Sheria nzuri, na laiti ingesimamiwa tangu 2006 kisa hiki kisingekuwepo. Lakini fikiria unakuja na daftari kwa mtu aliyehama majini, umevaa kitambulisho shingoni, unamuuliza nyumba yako ilikuwa wapi hasa. Anaona unampima. Mzunguko wetu wa kwanza kuna watu walitudanganya wazi, wakasema wanakaa juu, wamekuja kutembelea ndugu, wakakosa mgao kwa hofu ya kuandikwa wavamizi. Tulipohamia kwenye majiko swali la nyumba likafutika lenyewe, tunauliza unapikia wangapi leo. Atakayekuja na futi kamba kupima ukingo aje na daftari lake, siku yake, na watu wengine.

Wazee wa hapa huwa wanalinganisha na 1994, wakimbizi wa Rwanda walipokuja. Mwanza msaada tunaujua, ndege za misaada zilikuwa zinatua hapa usiku na mchana, na Aprili ile watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi, miili ya waliouawa ikaja na Mto Kagera mpaka ziwani na watu wakaacha kula samaki. Waliovuka wakaandikwa, wakapewa kadi ya chakula, wakapewa turubai, kukawa na ofisi inayojua idadi yao. Aliyehama toka mwaloni kwenda darasani hakuvuka mpaka wowote, kahama mita 400 tu, hana kadi. Umoja wa Mataifa una kanuni za tangu 1998 zinazosema aliyelazimika kuacha makazi kwa sababu ya maafa ndani ya nchi yake naye ni mhamaji wa ndani na anastahili ulinzi na msaada. Na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa, hiyo ni hatua. Ila kamati ikikaa itaandika nini kwenye safu ya kwanza, hilo sheria haisemi, linaamuliwa na mshika kalamu.

Kuhusu kazi ntasema kifupi. Chanja mbili mpya na neti vilimrudisha mwaloni mwezi wa nane, kwa gharama ndogo kuliko sembe tulizompa. Tajiri alimpokea. Siku hizi anaanika juu kidogo, kwenye mwamba, anasema jua la mwamba linakausha haraka ila dagaa wanavunjika.

2024 ziwa likapanda tena, Mei likapita hata lile la 2020. Yeye maji hayakumfikia, wapangaji wapya wa chini yakawafikia. Alinipigia asubuhi moja, sijaamka vizuri, hajanisalimia hata kusalimia, akasema mwanangu njoo na lile daftari, ila uje jioni wakiwa wanapika.